Siku ya kuongeza diski ya kurasa, nikiwa Kigoma

Saa 12 asubuhi. Kigoma bado giza, jua letu huchelewa kuliko la Dar. Nabandika chai, naingia kwenye meinifremu, kompyuta kubwa ya taasisi, iliyo mbali kabisa na hapa mtaani Mwanga. Inaendesha z/VM, mfumo endeshi wa IBM, na ndani yake zimo mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona ina kompyuta yake yenyewe.

Saa 1. Naandika QUERY ALLOC PAGE, amri ya kuonyesha nafasi ya kurasa diskini imejaa kiasi gani. Asilimia 71! RAM inapobana, vipande vya kumbukumbu za mashine pepe, yaani kurasa, huhamishiwa kwenye nafasi hiyo, na mimi ikivuka 50 silali. VM huandika kurasa kwa mafungu, na mafungu yanataka nafasi zilizofuatana. Ikijaa, mfumo mzima unaweza kuanguka. Naomba voliumu mpya, yaani diski nyingine yenye lebo yake.

Saa 4. Nimepewa diski ya aina ya 3390 modeli 3. Kijana anayejifunza kwangu ameingia.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Kaa hapa, leo wewe ndiye msomaji wa namba.”

Anwani ya diski ni 0A21. Miaka ya nyuma niligeuza tarakimu mbili za mwisho nikafomati diski yenye data za watu. Zilirudishwa kutoka kwenye kanda, lakini ile siku nzima ya kungoja sijaisahau. Tangu hapo sifomati peke yangu. Anasoma, naandika, anasoma tena kilicho kwenye skrini. Sifuri, A, mbili, moja.

Naita CPFMTXA, programu ya kufomati na kugawa diski. Kufomati huchukua muda, kwani kila traki (duara moja la diski) inakatwa vipande 12 vya baiti 4,096, kila kipande ukurasa mmoja, na silinda ni kundi la traki 15. Hizo ni kurasa 180 kwa silinda moja. Tunakunywa chai.

Kugawa, yaani kusema silinda zipi ni za kazi gani (PERM ni za kudumu, PAGE ni za kurasa), ni sekunde chache tu:

PERM 0 0
PAGE 1 3338
END

“Dada, si tuliambiwa silinda ni 3,339?”

“Tunahesabu kuanzia sifuri.”

“Na hiyo sifuri mbona tunaiacha?”

Swali zuri sana hilo. Silinda 0 ndiyo yenye lebo ya voliumu na ramani ya mgao wenyewe. Kugawa hakusogezi data yoyote, ni kuandika kwenye ramani ile kwamba hapa ni kurasa, kama mpima ardhi anavyochora viwanja. Zinabaki kurasa 600,840. Sichanganyi humo diski za watumiaji hata nikibembelezwa, maana kurasa hutaka voliumu yake peke yake.

Saa 8. DEFINE CPOWNED, kuiorodhesha voliumu kuwa mali ya mfumo, kisha ATTACH kwa SYSTEM, kuikabidhi. Jina la voliumu naliandika pia kwenye SYSTEM CONFIG, faili la mipangilio linalosomwa mfumo unapowashwa, la sivyo mfumo ukiwashwa upya hautaitambua.

QUERY ALLOC PAGE tena. Voliumu zilikuwa mbili za ukubwa mmoja, sasa ni tatu. Asilimia 47.

Saa 10. Kijana anajaza daftari: 0A21, 0 PERM, 1 hadi 3338 PAGE, tarehe, na majina yetu wawili.