Chokaa, DVD na kifungo cha kalisi: nilivyofundisha bila leza

Somo la vifungo vya kikemia kwa kidato cha sita lilikuwa limenichosha. Unachora vijiti ubaoni, wanafunzi wananakili, basi. Leza za kupimia molekuli ndogo zenye metali hatuna hapa Kigoma, lakini moto tunao, na molekuli zenyewe zimo humo.

Nilinunua chokaa, ambayo ina kalisi, duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, nikaiyeyusha kwa asidi ya haidrokloriki, maji yake nikayatia kwenye chupa ya kupulizia. Spektroskopu, kifaa cha kutawanya mwanga katika rangi zake, ni boksi la viatu: nyembe mbili zilizoacha ufa mwembamba, na ndani kipande cha DVD, ambacho hutawanya rangi kuliko CD. Tukazima taa, tukawasha jiko la gesi. Tulitazama juu ya ile koni ya buluu, maana koni ina mikanda yake ya kaboni, nayo inapotosha.

Kero ilikuwa sodiamu. Imo hata kwenye jasho la vidole. Badala ya kuifukuza, nikaongeza chumvi ya Uvinza makusudi, mstari wake wa njano wa nanomita 589 ukawa alama yetu. Upande mmoja ukanda wa kijani, karibu na 555. Upande wa pili ule wa rangi ya chungwa, kupita 600.

"Mwalimu, mbona wa chumvi mwembamba, hii imevimba?"

Swali hilo nilikuwa nalivizia. Njano hutoka kwa atomi. Mikanda hutoka kwa CaOH, molekuli ya kalisi, oksijeni na haidrojeni iliyoundwa motoni, nayo hutetema na kuzunguka; kila mwendo una mistari yake, ikashonana kama ukili wa mkeka.

Kuifumua ndiyo kazi ya leza. Watafiti huipiga metali kwa leza mpaka ifuke, mvuke ukachukuliwa na heliamu au agoni hadi kwenye ombwe, ukapoa ghafla, mistari ikapungua. Leza nyingine, yenye rangi finyu mno, huisoma mmoja mmoja. Mistari ya mzunguko ikikaribiana zaidi, kifungo ni kirefu zaidi. CaOH imenyooka, kalisi imeipa OH elektroni moja, ikabakiwa na nyingine, na hiyo ndiyo inayorushwa na mwanga huku kifungo kikibaki karibu vilevile. Sifa kama hiyo ya SrOH, yenye strontiamu badala ya kalisi, iliwawezesha watafiti wa Harvard kuipoza kwa leza mwaka 2017.

Kabatini kuna kloridi ya strontiamu kidogo. Kipindi kijacho tunaanza na hiyo.