Siku moja maishani mwangu: kutunza FIFO za FPGA na mfumo wa kuzijenga

Saa 2:00 asubuhi

Kazi inaanza kwa logi za usiku. Seva ya majaribio huandika muda wa UTC, kwa hiyo kilichoanguka 23:10 kwa hesabu yake kimeanguka saa nane na dakika kumi usiku kwa hesabu yetu ya Afrika Mashariki. Tuliacha kuibadilisha seva. Mtu akizoea kujumlisha tatu, basi.

Maktaba tunayoitunza ni ndogo, vipande vya saketi vya kuweka kwenye FPGA, chipu ambayo mtumiaji huipanga saketi zake mwenyewe. Ina FIFO mbili za Verilog (lugha ya kueleza saketi), moja ya kloki moja na nyingine ya kloki mbili, faili za FuseSoC (kidhibiti cha vifurushi), na Makefile inayoita Icarus na Verilator kwa uigaji, Yosys kwa usanisi (kugeuza msimbo kuwa saketi) na nextpnr kwa kuipanga saketi kwenye chipu. FIFO ni kumbukumbu inayofanya kazi kama foleni ya benki, aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza. Kila usiku zinajengwa kwa upana wa biti 1, 8, 9 na 36, na kina (idadi ya maneno yanayoingia) cha 2, 16 na 512.

Leo mistari ya kina 512 kwenye iCE40, FPGA ndogo ya Lattice, ni myekundu. Uigaji umepita wote. Kilichoanguka ni mstari mmoja tuliouweka mwishoni mwa hati ya Yosys, unaodai bloku moja ya RAM:

`select -assert-count 1 t:SB_RAM40_4K`

Biti 8 mara 512 ni 4096, yaani bloku moja kamili ya RAM ya iCE40. (Upana wa 9 unadai bloku mbili, kwa kuwa bloku hizi hazina biti ya tisa kwa kila baiti kama zile za chipu za Xilinx. Hesabu inayotarajiwa lazima ibadilike kwa kila mstari.) Usanisi wa usiku umetoa bloku sifuri, na flip-flopu (vihifadhi vya biti moja moja) zaidi ya 4096. iCE40 HX1K ina seli 1280 tu, kila moja na flip-flopu moja. Hapo hakuna cha kujadili.

Saa 3:15

Chanzo ni badiliko la jana. Usomaji uliokuwa ndani ya `always @(posedge clk)`, yaani kwa ukingo wa kloki, umegeuzwa kuwa `assign rd_data = mem[rd_ptr];`, yaani papo hapo bila kungoja kloki. Nia ilikuwa njema: mtumiaji alione neno la mbele ya foleni kabla hajatoa amri ya kusoma. Uigaji unafurahia badiliko hilo, na kwenye bodi ya Xilinx hakuna anayelia, kwa sababu sehemu ya LUT (majedwali madogo ya mantiki) za kule zinaweza kugeuzwa kumbukumbu, biti 64 kwa LUT moja. LUT za iCE40 hazina uwezo huo, na bloku yake ya RAM husoma kwa kloki tu. Yosys haikukosea. Iliombwa kitu ambacho chipu haina, ikakijenga kwa vilivyopo.

Kosa la jamaa yake, ambalo hutokea mara nyingi zaidi, ni kitanzi cha `for` kinachofuta kumbukumbu nzima wakati wa riseti. Bloku ya RAM haifutiki kwa mdundo mmoja wa kloki, kwa hiyo hapo hata chipu kubwa itakupa flip-flopu. Futa vielekezi (anwani za kusomea na kuandikia), data iache ilivyo.

Dawa ya neno la mbele ni kulivuta mapema. Soma kwenye bloku kila inapokuwa na kitu, ikiwa tokeo ni tupu au mtumiaji analichukua mdundo huo huo:

`assign ram_rd = !ram_empty && (!out_valid || pop);`

Huhitaji rejista ya ziada. Rejista ya kusomea iliyo ndani ya bloku hushikilia thamani yake mradi ruhusa ya kusoma imezimwa. Gharama ziko mbili. Neno lililoandikwa kwenye foleni tupu linaonekana baada ya kingo mbili za kloki badala ya moja, na uwezo unakuwa kina na neno moja juu. Kihesabu cha maneno kisipojumlisha `out_valid`, kitasema sifuri huku data imesimama mlangoni.

Jambo jingine dogo: foleni tupu haisomwi na iliyojaa haiandikwi, kwa hiyo kusoma na kuandika anwani moja kwa mdundo mmoja hakutokei. Yosys haijui hilo. Tunaiambia kwa `(* no_rw_check *)` juu ya tamko la `mem`, isije ikaongeza mantiki ya kulinganisha anwani bure.

Saa 5:00

SymbiYosys, chombo cha kuthibitisha saketi kihisabati. Tunathibitisha kwa kina 4, si 512. Mantiki ya vielekezi ni ile ile, na kisuluhishi hakichoki. `bmc`, inayokagua hatua chache tangu mwanzo, inapita haraka; `prove`, inayothibitisha kwa hatua zote, inaanguka. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara, kwa sababu uthibitisho wa hatua kwa hatua huanzia hali yoyote, hata isiyofikika. Hapa umeanza na kihesabu kikisema 3 wakati vielekezi vimeachana kwa 1. Tunaongeza sharti kwamba kihesabu ni tofauti ya vielekezi pamoja na `out_valid`, nao unapita.

Kisha `cover`, inayouliza kama hali fulani inafikika: foleni ijae, halafu iishe kabisa. Usiiruke. `assume` (masharti yanayochukuliwa kuwa kweli) mbili zinazopingana hufanya kila kitu kithibitike, na `cover` isiyofikika ndiyo inayozifichua.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage.

Saa 8:00 mchana

Kuna ombi la FIFO ya kloki mbili (kuandika kwa moja, kusoma kwa nyingine) yenye kina 12. Hapa inafaa kwenda polepole.

Vielekezi huvuka kutoka kloki moja hadi nyingine kwa msimbo wa Gray, ambao hubadilisha biti moja kwa kila hatua. Upande wa pili ukinasa katikati ya badiliko, utapata thamani ya zamani au mpya, na zote mbili ni salama. Kwa kina 12, kielekezi chenye biti ya ziada (ya kutofautisha foleni tupu na iliyojaa) huhesabu 0 hadi 23 kisha hurudi 0. Lakini 23 kwa Gray ni 11100, na 0 ni 00000. Biti tatu zinageuka pamoja. Upande wa pili unaweza kunasa 00100, ambayo ni 7, namba isiyohusika kabisa.

Njia ya kulikwepa ipo. Hesabu kutoka 4 hadi 27: 27 ni 10110 na 4 ni 00110, biti moja tu. Ila ule mkato wa kutambua foleni iliyojaa kwa kugeuza biti mbili za juu haufanyi kazi tena. Inabidi kurudi kwenye namba za kawaida na kutoa, na mzunguko unarefuka. Na kwa faida gani? Kwenye iCE40, kina 12 na kina 16 vinatumia idadi ile ile ya bloku. Tumejibu: tumia 16, weka kizingiti cha kukaribia kujaa kwenye 12.

Kizuizi cha parameta tunakiandika wazi: simamisha ujenzi ikiwa `DEPTH & (DEPTH-1)` si sifuri, au `DEPTH` iko chini ya 2. Sharti la pili si urembo. Moja hupita sharti la kwanza, halafu `$clog2(1)`, hesabu ya biti za anwani, inatoa 0, na `[-1:0]` kwa Verilog ni vekta halali ya biti mbili.

Saa 10:00

Faili ya masharti ya muda ya Vivado, programu ya kujengea chipu za Xilinx. Mtu ameweka `set_clock_groups -asynchronous` (usikague muda kati yao) kati ya kloki mbili ili maonyo yanyamaze. Amri hiyo ina nguvu kuliko `set_max_delay`, inayoweka kikomo cha ucheleweshaji, kwa hiyo sharti letu la kuvuka limezimwa kimyakimya. Bila sharti hilo, biti moja ya Gray inaweza kuchelewa kuliko nyingine kwa zaidi ya mdundo mmoja wa kloki inayotuma, na hapo upande wa pili huona mabadiliko ya hatua mbili kwa pamoja. Tunarudisha `set_max_delay -datapath_only` ya 10 ns kwa kloki ya 100 MHz, na `ASYNC_REG` (alama ya kuziweka karibu) kwenye flip-flopu zote mbili za kupokea. Kwa nextpnr tunasoma mistari ya `Max delay` kwenye logi na kuilinganisha na kikomo kwa hati fupi.

Saa 11:00 jioni

Makefile. Jaribio moja lilikuwa kijani wakati limeanguka, kwa sababu `vvp ... | tee sim.log` hurudisha hali ya `tee`, si ya uigaji. Tumeweka `SHELL := /bin/bash` na `set -o pipefail`, na `$finish` za makosa zimekuwa `$fatal`, inayorudisha hali ya kushindwa. Saraka za ujenzi sasa zina majina kama `w8_d512`, maana ukibadilisha `DEPTH` kwenye mstari wa amri pekee, `make` haioni faili iliyobadilika na inakupa matokeo ya zamani.

Toleo linapanda kutoka 1.x hadi 2.0, kwa kuwa ucheleweshaji umebadilika. Anayetutegemea kwa `>=` kwenye faili yake ya FuseSoC atalipokea bila kuulizwa, kwa hiyo mstari wa kwanza wa maelezo unasema: data huonekana baada ya kingo mbili.

Saa 12:10 jioni

Mistari ya kina 512 imejengwa kwa mkono: bloku moja kwa upana 8, mbili kwa upana 9. Kazi ya usiku tumeiongezea mbegu tano za nextpnr (namba za kuanzishia upangaji wake wa kubahatisha) kwa kila mstari, `--seed 1` hadi `--seed 5`, na itaanza 23:00 kwa saa ya seva.