Acheni biashara, na mimi sina biashara ya kuacha

Khutba ya Ijumaa kwangu ilikua inapita tu. Naingia natafuta pahali karibu na feni, maana joto la Mombasa la mwezi wa pili mwalijua, nasikia Kiarabu kidogo Kiswahili kidogo, tukishatoa salamu kila mtu na viatu vyake.

Sasa makontena mengi yalipoanza kupanda reli yakatolewe Nairobi, 2018 hiyo, ofisi za kliaringi, zile za kutoa mizigo bandarini, hapa town zilipunguza watu na mimi nkawemo. Ikawa ni barza, kahawa chungu na siasa mpaka adhana.

Ijumaa moja imamu akasoma ile aya ya Suratul Jumua inayojulikana na kila mtu, ikiadhiniwa sala endeni mkamtaje Mwenyezi Mungu na acheni biashara. Nkajiuliza, mie naacha biashara gani? Wenzangu wamefunga maduka, mwengine tuktuk yake iko hapo nje, mie natoka barzani narudi barzani. Ilinichoma wallahi.

Basi nkaishika hiyo sentensi moja, mengine yote nkayaacha yapite. Kuandika kwa simu imamu akihutubu haifai, hata kumwambia mwenzako nyamaza imekatazwa, kwa hiyo nkawa nairudia kichwani tu. Baada ya sala nkamfata ustadhi mmoja mzee anayesomesha watoto hapo, nkamuuliza hii aya na mtu asiye na kazi wapi na wapi. Akacheka. "Mwanangu, umeishia katikati, soma inayofuata."

Nyumbani nkafungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Aya ya 10, sala ikiisha tawanyikeni mkatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo pangu! Kumbe unaambiwa uache kazi kidogo kisha utoke tena ukatafute, na asiyekua na kazi ya kuacha bado hilo la pili linamhusu. Ya 11 ndo ilinichekesha, msafara wa biashara uliingia Madina Mtume (S.A.W.) amesimama anahutubu, watu wakaukimbilia, kwenye hadithi wanatajwa 12 tu waliobaki. Kama wale akili ziliwahi kwenda sokoni, mimi na feni yangu nani.

Tangu hapo kila Jumaa nashika sentensi moja ya khutba, na nkitoka napitia Marikiti, duka kwa duka, nauliza nani anataka mtu anayejua makaratasi ya forodha. Wengi ni "rudi wiki ijayo", ile ya kumtoa mtu kwa adabu. Mpaka mzee mmoja wa viungo anayeagiza iliki kutoka nje akanichukua, mwanzo pesa zenyewe hazieleweki, saa hii hesabu na makaratasi yake yote yako kwangu. Ijumaa tunafunga saa sita na nusu, yeye anasali msikiti wake mimi wangu, tukikutana dukani ananiuliza, "Haya, leo umetoka na sentensi gani?" na lazima nimpe moja kabla hatujafungua.