Kidole cha Oktoba

Alfajiri ya tarehe 26 Oktoba 2017, siku ya marudio ya uchaguzi wa rais wa Kenya, nilipiga kura yangu mapema, nikachovya kidole kidogo cha kushoto kwenye wino, nikaenda kukaa mahali pangu. Nilikuwa karani wa kituo katika shule ya msingi karibu na kwetu Free Area, Nakuru. Mlango ulikuwa wazi. Tukasubiri watu.

Tarehe 8 Agosti hatukuwa tumesubiri mtu. Saa kumi na mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshatoka nje ya lango, kina mama wenye watoto mgongoni wakiombewa nafasi mbele. Wa kwanza kabisa alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu kutoka Siaya, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu tu. Alifika saa tisa usiku na kigoda chake na chupa ya chai. Nilimpokea mimi. Zile karatasi sita alizikunja moja moja, ukingo juu ya ukingo, akipitisha ukucha kwenye kunjo kama fundi wa nguo, ndipo akatumbukiza kila moja kwenye debe lenye kifuniko cha rangi yake. Watu nyuma yake walinung'unika. Hakugeuka.

Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta uchaguzi wa rais. Tarehe 10 Oktoba Raila Odinga, mgombea wa upinzani, akajiondoa kwenye marudio, akitaka tume ya uchaguzi ifanyiwe marekebisho kwanza. Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori, ngome zake, kura haikupigwa. Lakini Nakuru tunaishi ukuta kwa ukuta. Huyu wa NASA, muungano wa Raila, yule wa Jubilee, chama cha Rais Uhuru Kenyatta, na wote wananunua sukuma kwa mama mmoja. Kila mtu anajua jirani yake anaegemea wapi na hakuna anayelitamka. Kunyamaza tulifundishwa na ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, watu walipolala uwanja wa Afraha na ule wa maonyesho. Wiki ile familia ya Mwalimu ililala kwenye ukumbi wa nyumba yetu, taa zimezimwa, mama akitukataza hata kukohoa.

Kufikia saa nne asubuhi ile ya Oktoba, mashine ya kutambua wapiga kura ilikuwa kimya kiasi kwamba ilipolia tulishtuka. Debe lilikuwa moja tu, la rais. Kwenye benchi la mawakala walikaa wa upande mmoja, na nafasi iliyobaki wakaweka mikoba yao. Mimi nikawa nawahesabu wasiokuja. Fundi wa viatu wa pale kona. Mke wa dereva wa matatu aliyejifungua Julai na bado akaja Agosti. Vijana wawili wa ploti ya nyuma waliopiga kura yao ya kwanza Agosti na kutembea wakionyeshana vidole. Na Mwalimu. Kila mtu alipoingia nilitazama mkononi kama ana kigoda.

Baadaye tume ilitangaza kwamba waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 39, kutoka karibu 79 mwezi Agosti. Niliwasikia watu wakisema Wakenya wamechoka, wengine wakasema ni uvivu. Inaniuma hadi leo. Mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda kupiga kura hawi mvivu ndani ya wiki kumi na moja. Wale walikaa nyumbani kwa kuamua, kama mimi nilivyokwenda kwa kuamua.

Jioni nilipitia kwa mama mboga. Nilitoa pesa kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikauacha ndani ya mfuko wa sweta. Aliuona mfuko ule. Akanifungia sukuma bila kuniuliza habari za kazi, yeye ambaye huniuliza hata nimekula nini. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumepoteza. Agosti wino ulisema tu kwamba huyu amepiga kura. Oktoba, mtaani kwetu, ulisema amempigia nani, na kidole kisicho na wino kilisema vilevile. Siri ya kura iliyolindwa kwa pazia na kibanda ilikuwa wazi mikononi mwetu sote.

Mwalimu alikuwa langoni kwake, juu ya kile kigoda. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na kitambulisho kilionekana kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshinda njaa?"

"Kidogo."

"Nipe mkono. Huo mwingine."

Nikautoa. Aliushika kwa mikono yake miwili, akakigeuza kidole kwenye mwanga uliobaki, akapitisha ukucha wake juu ya wangu, palepale wino ulipoingia kwenye mzizi wa kucha.

"Huu hautoki kwa sabuni," akasema. "Mpaka kucha iote."

"Ulivaa kwenda wapi, Mwalimu?"

"Nilivaa." Akanyamaza kidogo. "Niliamka saa tisa. Mwili umezoea. Nikachemsha chai, nikavaa, nikakaa hapa."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na chupa ileile na vikombe viwili. Nikaketi kwenye jiwe la lango. Chai ilikuwa imeshapoa. Tukainywa yote.