Juu ya goti, chini ya goti

Kila inapotangazwa kwamba mtu aliyekatwa mguu amefika kilele cha Everest, watu huuliza kama ndiye wa kwanza. Mimi hutaka kwanza kujua alikatwa wapi, chini ya goti au juu yake.

Tom Whittaker, aliyepoteza unyayo wa kulia kwa ajali ya gari mwaka 1979, alifika kileleni mwaka 1998 katika jaribio lake la tatu. Mark Inglis wa New Zealand, ambaye baridi ya mlima ilimnyang'anya miguu yote miwili mwaka 1982, alifika mwaka 2006, ingawa mguu wake mmoja bandia ulivunjika njiani ikambidi autengeneze huko huko. (Wapo wanaotania kwamba unyayo wa kaboni haugandi. Ni kweli, ila kigutu huganda, na Inglis alishuka akiwa ameumizwa na baridi kwenye vigutu na vidole vya mikono.) Xia Boyu wa China alifika mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 69, baada ya Mahakama ya Juu ya Nepal kusimamisha kanuni iliyowazuia watu wasio na miguu yote miwili.

Wote hao walikuwa na magoti yao. Mwenye goti hukunja mguu, huutua unyayo bandia juu ya barafu, kisha hujiinua kwa nguvu za paja. Asiye nalo hulazimika kuuzungusha mguu mzima kutoka kwenye nyonga, hatua baada ya hatua, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni kama theluthi tu ya ile ya pwani. Na wakati huohuo kigutu hutoka jasho na kubadilika ukubwa ndani ya kikombe cha mguu bandia kinachokishika, hata ngozi ikachubuka.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Hari Budha Magar hapaswi kutajwa kama jina jingine tu katika orodha. Askari huyo wa zamani wa Gurkha (vikosi vya Wanepali katika jeshi la Uingereza), aliyejeruhiwa Afghanistan mwaka 2010, alikuwa wa kwanza kufika pale bila magoti yote mawili, tarehe 19 Mei 2023. Picha za kileleni tumeziona. Ningependa zaidi kusimuliwa namna alivyoshuka, kwa kuwa kwenye mteremko goti ndilo linalopokea mshindo, naye mshindo huo aliupokea kwa vigutu.