Habari Iliyokuja na Mikate Mia Mbili

Tafakari ya wiki
Somo: 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Msimu wa kampeni za urais una lugha yake. Mgombea mmoja anahutubia kwa saa nzima. Kesho yake gazeti la upande wake linaandika "awasha moto", la upande wa pili linaandika "achemka". Kura za maoni ni zilezile, ila huyu anaambiwa "anapaa" na yule "anapumulia mashine". Kule Marekani, mdahalo wa wagombea ukiisha tu, wapambe wa kila kambi husimama mbele ya waandishi kueleza jinsi mtu wao alivyoshinda, kabla mwananchi hajapata hata nafasi ya kutafakari alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ni kazi rasmi hiyo, na watu wanalipwa mshahara.

Kuwasema waandishi na wapambe ni rahisi, na wengi wanafanya hivyo vizuri kuliko mimi. Wiki hii nawaomba tumwangalie mtu anayepokea habari. Kwa sababu hiyo nimechagua kisa ambacho mimbarani hakisomwi sana, labda kwa kuwa ndani yake mfalme tunayempenda anaonekana vibaya mara mbili.

Daudi anakimbia. Mwanawe Absalomu amejitangazia ufalme huko Hebroni, mshauri wa mfalme, Ahithofeli, amehamia kambi ya pili, naye Daudi mwenyewe amepanda mlima wa Mizeituni miguu mitupu huku akilia. Amekipita kilele kidogo tu, mara huyu hapa Siba, mtumishi wa nyumba ya mfalme wa zamani Sauli, na punda wawili waliotandikwa. Mizigo imeorodheshwa kwa makini: mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari, na kiriba cha divai. Mfalme anauliza, vya nini hivi? Siba anajibu kwa adabu: punda ni wa jamaa ya mfalme wapande, chakula ni cha vijana, divai ni ya watakaozimia nyikani. Kisha mfalme anauliza alipo Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, yule aliyelemaa miguu yote miwili ambaye Daudi alimketisha mezani pake kwa ajili ya baba yake Yonathani, rafiki wa Daudi. Siba anasema amebaki Yerusalemu, akitumaini kwamba leo Israeli watamrudishia ufalme wa babu yake.

Sentensi moja tu hiyo. Na palepale, bila shahidi, bila swali la pili, Daudi anatoa hukumu: mali yote ya Mefiboshethi ni yako.

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye shida yetu. Habari ya Siba ilikuwa na kasoro ambayo mtu yeyote mtulivu angeiona. Absalomu hakufanya mapinduzi ili amkabidhi kiti mjukuu wa Sauli, alikitaka mwenyewe. Daudi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mlimani pale. Kwa nini basi aliamini?

Kwanza, habari ilikuja na mikate. Mtu mwenye njaa hamchunguzi anayemlisha. Na sisi msimu huu kuna vituo na kurasa ambazo zinatulisha kila siku: zinatupa cha kucheka, cha kukasirikia, na cha kumjibu shemeji wa chama kingine. Tunaposhiba hivyo tunaacha kuuliza swali lolote.

Pili, ilimkuta na jeraha. Mtu ambaye asubuhi amesalitiwa na mwanawe na mshauri wake, jioni ni rahisi kuamini kwamba na yule mlemavu naye amemsaliti. Kila aliyeumizwa na serikali fulani, au na upinzani fulani, ana mahali ndani yake ambapo habari mbaya juu ya watu hao huingia bila kubisha hodi. Wapanga kampeni wanapajua mahali hapo. Wanapatafuta.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, Mefiboshethi alikuwa wa nyumba ya Sauli. Kwa lugha ya leo, alitoka chama kile kingine. Miaka yote ya kula meza moja haikutosha kumtoa katika kundi la "wale". Siba hakuhitaji ushahidi. Alihitaji kumkumbusha mfalme jina la ukoo tu.

Na tusidhani habari ya Siba ilikuwa uongo mtupu. Mefiboshethi kweli alikuwa Yerusalemu. Kweli hakuja. Kweli alikuwa mjukuu wa mfalme aliyepita. Sura ya 19 ndiyo inayotupa kipande kilichofichwa: alitaka kutandikiwa punda amfuate mfalme, naye hawezi kwenda kwa miguu, mtumishi wake akamdanganya na kwenda kumsingizia. Uzushi wa waziwazi haunipi hofu sana. Mwezi wa Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Rais Biden, ikiwaambia wasijitokeze kwenye uchaguzi wa awali. Hila ikafichuliwa upesi. Kinachodumu ni ukweli uliokatwa na kupangwa, kwa sababu ukiuchunguza neno kwa neno hukuti pa kuushika.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa uchaguzi wa Marekani wa 1828, kati ya John Quincy Adams na Andrew Jackson. Mke wa Jackson, Rachel, aliwahi kuolewa ujanani na mwanamume mwingine, na ndoa ile ikavunjika. Yeye na Jackson walioana, na kwa maelezo yao waliamini talaka imekwisha kutolewa. Kumbe haikuwa imekamilika. Ilikamilika 1793, nao wakafunga ndoa upya mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka 30 baadaye, magazeti yaliyomuunga mkono Adams yakalifukua jambo hilo na kumwita mama huyu mzinzi. Tarehe walizochapisha zilikuwa za kweli. Walichokiacha ni maelezo ya wawili hao kwamba hawakujua. Upande wa Jackson nao haukukaa kimya: ulieneza kwamba Adams, alipokuwa balozi Urusi, alimtafutia mfalme wa huko msichana wa Kimarekani, jambo lisilokuwa na msingi. Jackson alishinda. Rachel, mwanamke mcha Mungu ambaye hakugombea chochote, alifariki tarehe 22 Desemba 1828, kabla mumewe hajaapishwa, na Jackson aliishi akiamini kwamba masingizio yale ndiyo yaliyomuua. Kwamba ndiyo yaliyomuua kweli, hilo anajua Mungu. Ila najiuliza juu ya wasomaji wa magazeti yale. Wengi wao Jumapili walikuwa kanisani.

Amri ya tisa inasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo" (Kutoka 20:16). Tumezoea kuisoma kama amri inayohusu kinywa cha shahidi mahakamani. Wakristo wa Heidelberg, mji wa Ujerumani, katika katekisimu yao ya 1563, waliipanua vizuri: walisema inanikataza pia kupotosha maneno ya mtu yeyote, na kushiriki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Kupotosha maneno ya mtu! Karne nne na zaidi kabla ya video ya sekunde kumi iliyokatwa katikati ya sentensi. Na amri haikusema "jirani yako wa chama chako". Mgombea ambaye hutampigia kura hata uamshwe usiku wa manane, jina lake limewekewa ulinzi na Mungu yuleyule aliyekuwekea wewe lako.

Najua swali linalokuja, maana huulizwa kila mara: je, basi tunyamaze viongozi wanapoiba? Hasha. Nabii Nathani hakunyamaza Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe. Lakini tazameni alivyofanya: alikwenda kwa mfalme mwenyewe, akasema jambo lililotokea, kwa jina la mtu aliyedhulumiwa, na hakuongeza chumvi hata chembe. Aliposema "Wewe ndiwe mtu huyo", Daudi hakuwa na pa kukimbilia kwa sababu hapakuwa na neno la uongo la kushikilia. Ukiongeza moja la uongo juu ya maovu tisa ya kweli, umempa mwovu mlango wa kutokea.

Sasa turudi sura ya 19, kwa kosa la pili la Daudi, ambalo naona ni baya kuliko la kwanza. Vita vimekwisha, mfalme anarudi. Siba amekwisha kuwahi Yordani pamoja na wanawe 15 na watumishi 20 (watu wa aina hii huwa hawachelewi mapokezi). Mefiboshethi naye anakuja. Mwandishi anatuambia, yeye mwenyewe, si kwa kinywa cha Mefiboshethi, kwamba tangu siku mfalme alipoondoka mtu huyu hakuwa ameitunza miguu yake, wala kukata ndevu, wala kufua nguo. Ushahidi umesimama mbele ya mfalme, unaonekana na pengine unanuka. Anaeleza yaliyotokea. Na Daudi anasema: ya nini kuendelea na mambo yako? Wewe na Siba mtaigawana hiyo nchi.

Nusu kwa nusu. Inaonekana kama hekima, na huko nyuma niliwahi kusikia ikihubiriwa kama hekima. Lakini mmoja amesema kweli na mwingine amesingizia, na hukumu inawapa sawa. Mfalme hataki kukiri kwamba alihukumu kwa pupa, hivyo anajificha katikati.

Waumini wengi, wakichoshwa na siasa za kambi, hukimbilia hapo hapo. "Wote ni wale wale." "Kila upande una ukweli wake." Tunaona kwamba kwa kusema hivyo tumejitenga na ushabiki, tumekuwa watu wa rohoni. Vyombo vya habari navyo vina namna yao ya kufanya hivyo: mwenye nyaraka anapewa dakika tano, mwenye uzushi anapewa dakika tano, mtangazaji anashukuru pande zote na kuaga. Sheria ya Musa haikuruhusu hilo. Kutoka 23 inaanza kwa kukataza kuvumisha habari za uongo, kisha inakataza kuufuata mkutano katika kupotosha hukumu, kisha inasema hata maskini usimpendelee katika daawa yake. Yaani usimfuate mwenye nguvu, wala wengi, wala yule ambaye moyo wako umekwisha kumhurumia. Kinachobaki ni kuuliza ni nini hasa kilichotokea, kazi ambayo ni ngumu na haina makofi.

Kwa hiyo nitasema mambo machache ya wiki hii, bila kuyapanga sana. Ujumbe ukikufikia WhatsApp ukiwa na mishale miwili, maana yake umekwisha kupitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi. Ndugu aliyekutumia siye aliyeuandika, na uaminifu wake wa miaka yote kanisani si ushahidi wa kilichomo. Ukipata hotuba iliyokatwa, tafuta nzima kabla hujakasirika. Ukishindwa kuipata, una ruhusa ya kutokuwa na maoni, jambo ambalo msimu huu hakuna anayetuambia. Na ikiwa ulituma kitu kwenye kundi kikaja kuonekana si kweli, kirekebishe kwenye kundi lilelile, kwa herufi kubwa zilezile ulizotumia mwanzo. Kukifuta kimyakimya ni kuigawa nchi nusu kwa nusu.

Kwa ndugu wahubiri neno moja tu: mgombea akiletwa ibadani na mchango mnono wa ujenzi, ikumbukeni ile mikate 200.

Paulo anamwagiza Timotheo kwamba dua na sala zifanyike kwa ajili ya watu wote, wafalme na wote wenye mamlaka (1 Timotheo 2:1-2). Jaribuni kumwombea kwa jina, kila siku ya juma hili, yule mgombea mnayemwogopa zaidi. Muombeeni afya yake, watoto wake, na hekima endapo atashinda. Kisha mtazame kama bado mna hamu ileile ya kusambaza kila baya linaloandikwa juu yake.

Mefiboshethi aliposikia hukumu ile ya nusu, alisema Siba na atwae yote, maadamu mfalme amerudi nyumbani kwake kwa amani. Hakudai shamba wala hakumtaka Siba aadhibiwe. Mtu aliyechafuliwa jina ndiye pekee katika kisa hiki ambaye hakuna aliyeweza kumnunua kwa mali.

Tuombe.

Bwana, wewe unazijua sababu za mioyo yetu kuamini tunayoyaamini. Tunawataja mbele zako wagombea wote, tutakaowachagua na tutakaowakataa, na wake zao, waume zao na watoto wao ambao hawakuomba kura ya mtu. Uwatie nguvu waandishi wanaotafuta kweli na kuchukiwa na kila kambi. Tulipomhukumu mtu kabla ya kumsikia, utusamehe, na utupe ujasiri wa kumrudishia jina lake lote, si nusu. Kwa jina la Yesu Kristo, ambaye mashahidi wa uongo walisimama juu yake. Amina.