Kwa kiti cha magurudumu hadi Zimbabwe Kuu

Huu ni mwaka wa tisa nikitembea Lubumbashi kwa kiti cha magurudumu, na sasa siliamini tena jibu la "hakuna shida, utapita". Ndilo jibu tulilopewa kwa simu na mtu aliyetuandalia safari ya kwenda kuona magofu ya Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa Masvingo. Laiti ningemwuliza idadi ya ngazi na upana wa njia iliyo nyembamba kuliko zote, kisha nikangoja anijibu kwa sentimita. Kiti changu kina sentimita 64 kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kipimo hicho hakibembelezeki.

Tulivuka Kasumbalesa, tukapita Zambia hadi Chirundu, tukaingia Harare, mdogo wangu akinibeba mgongoni kila basi liliposimama. Barabara sitaisimulia.

Sehemu ya kilimani sikwenda, kwa kuwa njia yake hupanda kwa ngazi za mawe katikati ya miamba mikubwa. Boma Kuu liko chini, na ukuta wake una mzunguko wa mita 250 hivi na kimo kinachofika mita 11, wote ukiwa wa vipande vya graniti ambavyo mababu wa Washona walivipanga bila chokaa wala udongo wa kushikiza. Langoni kuna ngazi zinazopinda pamoja na ukuta. Kijana mmoja aliyetaka kunisaidia alishika sehemu za kuwekea mikono, ambazo huchomoka. Nilimwomba ashike fremu, tukaingia kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine.

Ndani kuna ujia mrefu kati ya kuta mbili, unaoelekea kwenye mnara wa mawe wenye kimo cha mita 10 hivi. Nilisogea hatua chache tu, vifundo vya vidole vyangu vikaanza kukwaruzwa na graniti pande zote mbili. Nilirudi nyuma, tukatoka nje, na wenzangu wakaendelea.

Hivyo nilizunguka boma kwa nje, juu ya majani makavu, hadi upande wa kusini-mashariki, na hapo juu kabisa nikaona mistari miwili ya mawe yaliyopangwa kwa pembe kama meno ya msumeno, ambayo anayetembea ndani ya ujia hawezi kuiona. Nilikaa hapo karibu nusu saa. Mdogo wangu alipofika aliinua kichwa, akasema, "Yaya," yaani mkubwa wangu, "sisi haya hatukuyaona."

Kule Athens, mwishoni mwa mwaka 2020, ilizinduliwa lifti mpya ya kupandisha watu wenye viti kwenye kilima cha Acropolis, na njia za zege zilizomwagwa juu kipindi hicho zikazua ubishi mkali. Mimi nisingeomba zege chini ya kuta hizi. Ningeridhika na ubao wa mteremko wa kuweka na kuondoa, pamoja na kufyeka mbigili.

Mbigili hizo ndizo zilizotoboa gurudumu langu la kushoto. Ndege wa mawe ya sabuni, ambao mmoja wao yumo kwenye bendera ya nchi, niliwatazama katika jumba la makumbusho nikiwa nimeinama upande mmoja, huku mdogo wangu akiwauliza walinzi kama kuna mwenye pampu.